Jina Lisiloingia

Bok Ae-ran alikuwa fundi wa kurasa za tovuti, na alijijua kuwa fundi. Wodi moja ya mji wa Daegu, Korea, ile ya kuwatuliza maumivu wagonjwa wasio na dawa tena, ilipotaka fomu ya kuombea kitanda mtandaoni, bosi alimpa yeye moja kwa moja.

Sehemu ya jina ndiyo aliyoihangaikia zaidi. Kwenye programu ya usanifu alichora visanduku vitatu, kila silabi na chake: ukoo silabi moja, jina lenyewe mbili. Ukijaza kimoja, kishale kinaruka chenyewe hadi kingine. Cha tatu kikijaa, kitufe cha kutuma kinageuka kijani. Akajaribu: Bok, Ae, ran. Kijani! Bosi naye akajaribu lake, Pyo Dong-uk. Kijani!

"We mtoto una mkono!" bosi akasema. "Hii hata bibi yangu ataijaza huku anamenya vitunguu."

Ofisi nzima ikajaribu, ikacheka, ikapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ziko koo zenye silabi mbili. Si nyingi, lakini ziko, jamani, na watu wake wanaugua kama sisi. Nyani haoni kundule.

Haukupita muda muuguzi akapiga simu. Mzee Tak Sang-gu alikuwa akimwombea kitanda mkewe, na mkewe ni Namgung Ok-bun. Visanduku vikameza Nam, gung, Ok. "Bun" ikakosa pa kukaa. Kitufe kikawa kijani, mzee akatuma, akatuma tena, na jibu likawa lile lile: jina halilingani na kitambulisho. Kitanda kilichokuwa wazi kikapewa mgonjwa mwingine. Kingine hakuna.

"Ongeza kisanduku, unyamaze," bosi akasema. "Ukienda kuomba radhi umekiri kosa."

"Kwani sikukosa, bosi?"

Kisanduku cha nne, cha hiari, hakikuchukua hata muda wa kunywa kahawa. Hilo ndilo lililomuuma Ae-ran kuliko yote. Akanunua peasi za kuombea radhi, akaenda nyumbani kwa mzee.

Mzee alimsikiliza mlangoni hadi mwisho.

"Kumbe ni hivyo," akasema taratibu. "Mimi nilidhani ni vidole vyangu. Mwenzangu akaniuliza, hivi jina langu umelisahau? Nikamfokea, binti yangu. Mgonjwa vile, nikamfokea."

"Nisamehe, baba. Sasa linaingia."

"Na kitanda?"

Ae-ran akainamisha kichwa.

Kutoka chumbani mtu akaita kwa sauti nyembamba. "Baba watoto, ni watu wa hospitali? Wamekuja kunichukua?"

Mzee akamtazama Ae-ran kama anayeomba kuazimwa neno.

"Basi njoo univalishe soksi," mama akasema, na kweli alisikika mchangamfu. "Nje baridi."

Mzee akaingia chumbani. Pale aliposimama, Ae-ran alimwona akipiga magoti kando ya godoro na kuupakata mguu wa mkewe. Soksi ya kwanza akaivalisha polepole. Ya pili polepole zaidi, maana ikishaingia itambidi aseme.