Harufu ya Mjomba

Kama kuna kazi ya kutia kinyaa kuliko yangu, mwenye nayo aje tupeane pole. Mimi nalisha mbu. Si kuku, si ng'ombe, mbu! Kila asubuhi navaa soksi ndefu ya nailoni mkononi, kuanzia vidoleni mpaka kwapani, nashinda nayo nikifanya kazi nyingine, na mchana naivua imelowa jasho, imejikunja kama utumbo. Tunaitia kwenye sanduku la kioo lenye njia mbili, upande mmoja soksi yangu, upande wa pili manyoya ya sungura ya kununua, kisha tunawafungulia mbu tuone wanakimbilia wapi. Na ole wangu nikiwa nimeogea sabuni ya manukato jana yake. Mkuu wa maabara huninusa mkono kabla ya kuandika chochote. Mwanamke mzima, natarajia mjukuu, nanuswa kama samaki wa jana!

Ndiyo maana nikitoka kazini najisugua mpaka ngozi iwake. Wenzangu wameniita Bi Sabuni na jina limeganda. Waache waite.

Kinachonichefua si kung'atwa, ni kupendwa. Mbu wa mjini ukiwafungulia hawajiulizi mara mbili, wote kwenye soksi, sungura hata hawamwangalii. Siku za mwanzo nilidhani wanafuata jasho. Mkuu akaniambia hapana, jasho bichi halina neno. Kuna vijidudu vinaishi juu ya ngozi yetu, vinakula mafuta yake na kuyachachusha, na ule uchachu ndio mbu anaunusa kutoka mbali akajua: huyu ni mtu, si mbuzi wala nyani. Kefule! Nikamwambia mkuu angenificha tu, ningeishi vizuri zaidi bila kujua.

Zamani, alisema, mbu hawa hawakuwa na habari na watu. Walikaa msituni, wakanywa damu ya wanyama, wakataga kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti. Lakini kuna sehemu kiangazi kilikuwa kinaburuta miezi na miezi, mashimo yote yanakauka, maji yamebaki kwenye mitungi ya watu peke yake. Aliyevutwa na harufu ya watu akapata damu, akapata na pa kutagia. Aliyeshikilia nyani wake akafa na mayai yake tumboni. Hakuna aliyewafundisha. Waliozaa ni wale walioipenda ngozi yetu, na watoto wakazaliwa nao wanaipenda, basi, mpaka leo hii wanaingia chumbani kwako bila hodi. Ukoo mzima umejengwa juu ya uvundo wetu.

Maabara yetu inafuga koo zote mbili. Wa mjini, wenye weupe mgongoni, ni wangu. Wa msituni, weusi tii, ni wa Mjomba. Si mjomba wa mtu yeyote pale. Ni mzee mjane mwenye makucha marefu na maneno matamu, ambaye kuoga kwake ni kama mvua ya kiangazi, ukiiona unawaita majirani. Mbu wake ndio waliokuwa wakituonyesha jinsi ukoo ulivyokuwa kabla ya kutuzoea. "Hawa wangu ni waungwana," alipenda kusema. "Hawana habari na watu." Mkuu aliwajaribu mwaka ule walipoletwa, wote wakaenda kwa sungura, na tangu hapo akabaki na wa mjini na soksi zangu.

Nikaja kumleta binti yangu katikati ya mambo hayo.

Mimba ya kwanza ilikuwa imemtoka. Hii ya pili ilipofika mwezi wa tano daktari akamwambia mlango wa kizazi umelegea, akaushona, akasema: lala, usibebe, usisafirishwe, choo tu na kurudi kitandani. Mume wake kazi yake ni ya barabarani, wiki hii huku, wiki ijayo kule. Nikasema mwanangu atalala kwangu, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya maabara. Homa ya mbu ilikuwa imeshaingia mjini, ile inayovunja viungo na kutoa mimba, na mbu wake wanauma mchana kweupe. Nani angemlinda kuliko mimi ninayewajua mbu kwa sura?

Nikaigeuza nyumba ngome. Wavu madirishani, wavu mlangoni, chandarua kitandani, hakuna ndoo iliyobaki na maji, hata sahani ya chini ya ua niliitupa. Dawa ya mbu tu, iwe ya kupuliza au ya kujipaka, ndiyo sikuweza, binti yangu ana pumu, akiinusa kifua kinafunga.

Na bado, mimba ilipofika mwezi wa nane, akang'atwa. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta anajikuna kifundo cha mguu, vipele vyekundu vimepangana.

"Mama, ni nikifungua mlango niende chooni tu," akasema. "Wananisubiri mlangoni kama wadai."

"Umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu, mama! Hata mafuta umeninyima."

Nilimfokea kama mtoto mdogo, Mungu anisamehe. Nikawafokea na majirani kwa makopo yao. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mlinzi wa geti alikuwa amelala, homa hiyo hiyo, anaugulia mpaka kwetu tunamsikia. Mbu akimnyonya mlinzi leo, baada ya siku chache anaweza kuja kumpa mwanangu alichokibeba.

Siku iliyofuata sikwenda kazini asubuhi. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa choo na mrija wangu wa kunyonyea, ule tunaotumia kukamatia mbu, una kiwavu ndani ili usimmeze. Akaja mmoja akatua kwenye goti langu. Nikamvuta. Nikamwangalia kwa lenzi, nikamwangalia tena.

Mweusi tii. Hana hata chembe ya weupe mgongoni.

"Haiwezekani," nikasema kwa sauti.

"Nini, mama?"

"Lala, mwanangu."

Nilitoka mbio kwenda maabara, kanga imenidondoka njiani sikugeuka. Mjomba hakuwepo. Nikachukua kikombe cha mbu wake wa msituni, nikavua soksi niliyokuwa nimeanza kuivaa tangu alfajiri, nikaiweka upande wake, manyoya ya sungura upande wake, nikafungua.

Hawakujiuliza mara mbili. Walikwenda kwenye soksi yangu kama watoto waliomwona mama yao anatoka sokoni. Wakaibandika ile nailoni midomo yao, wanachoma, wanachoma, wanatafuta mtu ndani yake. Upande wa sungura mmoja tu, naye anatambaa kwenye kioo anatafuta njia ya kurudi. Nilitapika kwenye sinki. Sikutapika kwa sababu ya soksi. Nilitapika kwa sababu niliwaona wamefurahi.

Mjomba akanikuta hapo, nimeinamia sinki.

"Bi Sabuni, vipi tena? Au wewe ndiye mjamzito?"

"Hawa unawalisha nini?"

Akaangalia sanduku, uso ukamshuka. "Sungura," akasema. "Si unajua."

"Mjomba, usinichezee shere. Sungura gani? Banda lao lina buibui!"

Akakuna shingo. Akasema mbona hayo ni ya zamani, mavi ya kale hayanuki.

"Haya yananuka! Sema!"

Basi akasema. Sungura, eti, walikuwa wanamtia kinyaa. Mikojo yao inamkaba koo. Na kuwanyoa ubavu kila wiki ili mbu wapate ngozi, wanapiga mateke, wanakwaruza. Yeye! Mtu ambaye akiinua mkono dirishani sisi wengine tunahama ofisi, ati mikojo ya sungura inamkaba koo! Ikawa anatia mkono wake mwenyewe ndani ya kizimba. Miaka minne.

"Mwanzoni walikataa," akasema, na nikaona kabisa kuna fahari kidogo machoni mwake, nikataka kumrushia kikombe. "Wanakaa juu kwenye wavu wananitazama tu. Wawili, watatu ndio walikuja. Nikachukua mayai ya hao. Walioanguliwa, wakaja wengi kidogo. Sasa nikiingia tu mlangoni, kizimba chote kinaamka."

"Na waliokataa?"

"Walikufa. Ningefanya nini?"

Nilikaa chini. Kiangazi kile cha mkuu, cha miaka elfu na elfu, huyu mzee alikuwa amekileta ndani ya kizimba kwa uvivu wake. Mkono wake ndio ulikuwa mtungi pekee uliobaki. Ila hilo lilikuwa la mkuu, akirudi kutoka safarini atalia nalo mwenyewe. Langu lilikuwa moja.

"Maji ya kizimba, yale wanayotagia, unayachemsha kabla ya kumwaga?"

Akaanza kufuta meza kwa kiganja.

"Mjomba!"

"Si hawana habari na watu? Nayatia kwenye pipa pale nyuma. Namwagilia nyanya. Yanazipendeza sana, si umezila mwenyewe ukazisifu?"

Lahaula! Nilizila. Nilimpa na mwanangu, nikamwambia kula, zinaongeza damu. Nilikwenda nyuma ya maabara nikafunua pipa. Maji yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi juu, viluwiluwi chini, wamejazana wanajinyonganyonga, na kivuli cha mkono wangu kilipowagusa tu wote wakazama pamoja. Nililipindua kwa teke, nikamwaga chai moto ya walinzi, maji ya moto ya maabara, kila kilichochemka, nikitukana. Sikumbuki nilitukana nini. Wafanyakazi walijaa madirishani kusikiliza.

"Nitaripoti mwenyewe kwa mkuu," Mjomba alisema nyuma yangu, sauti imekuwa ndogo. "Bi Sabuni, sikujua. Naapa. Ningejua ningeacha?"

"Nyamaza. Ondoka mbele yangu."

Pipa lilikuwa limekufa, lakini walioruka walikuwa wamesharuka, na mbu kama hao wanaishi wiki kadhaa. Mwanangu alikuwa na wiki tatu mpaka siku ya kukatwa ule mshono. Hakuna pa kumhamishia, hakuna cha kumpulizia, na mjamzito ana joto na pumzi nzito, mbu humpenda kuliko sisi wakavu. Nilirudi nyumbani nikakaa karibu na chandarua chake, sikuoga. Nilisema kama harufu ndiyo wanayoitaka, watanipata mimi kwanza. Nilivaa soksi zangu zote za juzi na jana, nimekunja nguo mpaka magotini, mrija mdomoni. Najinusa mwenyewe, nageuza uso. Walikuja. Nikawavuta mmoja mmoja. Lakini kwa kila watatu walionijia, mmoja alinipita akaenda kulala kwenye chandarua usawa wa goti la mwanangu, anatafuta tundu.

"Mama, umechoka," binti yangu akasema humo ndani. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, haya, lakini lala kidogo."

"Vuta goti. Vuta goti nimekwambia, limegusa wavu!"

Nilisimama nikaenda hadi nyumba ya Mjomba. Alikuwa ameketi kitandani na begi lake limefungwa, anasubiri mkuu arudi amfukuze. Chumba kilinuka viatu na nguo zilizolala mbichi. Nilimwambia twende. Hakuuliza wapi.

Nilimwekea kigoda katikati ya chumba cha mwanangu. Nikamwambia vua shati. Binti yangu akajifunika shuka usoni, sijui kwa haya au kwa ile harufu. Mzee alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, mikono yote ina madoa meusi, kovu juu ya kovu, miaka minne ya kuumwa. Akaweka mikono magotini, viganja juu.

Hatukungoja. Mmoja alitoka nyuma ya kabati, mwingine chini ya kitanda. Yule aliyekuwa kwenye chandarua, usawa wa goti, niliyekuwa nimeshindwa kumfikia, aliinua miguu, akazunguka kidogo, akaliacha goti la mwanangu akaenda kutua kwenye mkono wa Mjomba. Nikamvuta na mrija. Na mwingine. Na mwingine. Walikuwa wakishuka kwake kama waliotumwa, mimi nanyonya tu, natema kwenye kikombe, nanyonya, pua yangu iko inchi chache kutoka kwapani mwake na machozi yananitoka kwa uvundo ule, naapa nimeshawahi kufungua friji ya maiti ya panya na ilikuwa afadhali. Nilimchukia. Nilimchukia kwa pua na kwa moyo.

Jua lilipoanza kupoa, kwenye chandarua hapakuwa na kitu. Mwanangu alikuwa amelala, kweli amelala, mkono juu ya tumbo, goti limeegemea wavu na hakuna aliyeligusa.

Mjomba akajikohoza. "Basi mimi niende, Bi Sabuni," akasema taratibu. "Najua navyokuchefua. Nikaoge angalau, nirudi kesho kama mtu."

Nilimshika mkono. Ulikuwa unanata.

"Usioge," nikamwambia. "Kaa, Mjomba. Nakuomba, kaa hapo hapo."