Wino wa Orest

…na huyu Doreen wa posta haondoki pale kaunta, kanyoosha shingo kama bata bukini aone nimeandikiwa nini, fungua vizuri Bibi Nettie, ananiambia, barua ya Bunge hiyo, nami nasoma kimoyomoyo, hongera kwa kutimiza miaka themanini, themanini, kwa herufi za dhahabu, na mji mzima unajua nina sabini na saba, nimewaambia mwenyewe, waliojua ukweli nimewazika mmoja mmoja na kabichi zilizokunjiwa wali za matanga yao nikala, sasa nani kaniombea cheti hiki, maana havijileti, lazima mtu apeleke jina na tarehe kwa mbunge, na mbunge ni Orest… Orest Hlushko, tuliyebatizwa naye siku moja, maji yaleyale, yeye akapiga kelele mimi nikanyamaza, mdomo tangu utotoni, ndiyo maana akawa wakili, akamtetea kaka yangu kwa ule mtambo wa pombe ghalani, akamwambia hakimu ni dawa ya farasi, hakimu naye akaonja, kisha tukampigia kura aende bungeni Ottawa, na asubuhi ile ya safari yake, kituo cha treni, theluji imemjaa nyusi, akasema, "Twende, Nettie," nami nikasema, "Na ng'ombe nani atawakamua?"… ng'ombe, jamani, walishakufa wote, hata treni haisimami tena hapa, yeye akaoa yule wa Montreal anayekula yai kwa kisu, wakaachana, nilifurahi, Mungu anisamehe, na miaka arobaini kila Krismasi kadi moja kwa kila nyumba, sahihi ya mashine, mimi na wapiga kura wengine sawasawa… Doreen anasema hata hivi vyeti husainiwa na mashine, mzee wa watu atakumbuka nani, nami nalamba kidole, nasugua ile O kubwa ya sahihi polepole, mashine haiachi doa, nasugua, kidole kinatoka na buluu… alikumbuka, kaketi kule na kalamu yake, kaniombea mwenyewe kwa mbunge ambaye ni yeye mwenyewe, yeye pekee aliyebaki anayejua nilizaliwa lini… "Kwani ni themanini?" Doreen anauliza, macho kama sahani, ningesema makarani wamekosea na angeamini, kesho mji mzima ungeamini, lakini basi cheti kingekuwa cha mwanamke mwingine, na wino huu pia… "Themanini," namwambia, na kidole nakirudisha ndani ya glavu bila kukifuta.