Matonge ya Cucu

Kila Benter alipomwona mama mkwe wake akitafuna ndizi, alikunja uso. Cucu Warigia aliisaga kwa meno meusi, akaitema kiganjani, ikiwa inateleza kwa mate, kisha akamlisha mjukuu wake Keziah, binti wa Benter. Ndivyo watoto wote wa boma lile huko Tetu walivyolelewa, hata Muriithi, mumewe. Benter akikumbuka hilo, hakutaka hata kubusiwa.

Alifanya kazi katika maabara ya hospitali mjini Nyeri, akijua vizuri kilichomo mdomoni mwa mtu. Mwaka ule wa 1974, daktari wa meno alikuwa akijaribu maji ya machungwa na malimau kwa bakteria wanaoozesha meno. Benter ndiye aliyeotesha ukoga wa meno ya wagonjwa kwenye visahani. Akivifunua, uvundo ulimpanda puani, akageuza uso. Lakini pale alipodondosha limau, kesho yake palikuwa peupe kabisa, bakteria wote wamekufa. Kitu hicho kilimfurahisha kupita kiasi.

Meno ya Keziah ndiyo kwanza yametimia, na mama yake aliapa hayataoza kama ya nyanya yake. Kumkataza Cucu hakuthubutu. Basi alinunua malimau sokoni, na kila Cucu alipotoka kwenda kukama ng'ombe, alimshika mtoto taya na kumsugua meno kwa limau, alie asilie.

Miezi ikapita. Keziah akaanza kulia hata akinywa maji. Benter akampeleka kwa yule daktari, naye akayakuta meno yamekuwa ya manjano, yamelika mpaka ncha.

"Mnampa nini kikali hivi?"

"Limau, daktari. Si linaua bakteria?"

"Linaua, kwenye kisahani. Kisahani hakina meno. Hiyo asidi imeyala."

Jioni ile Benter aliponda ndizi kwa kijiko mpaka ikawa uji. Keziah alipoona mkono wa mama yake unakuja, alifumba mdomo na kugeukia ukutani. Benter alijaribu tena na tena. Mtoto hakuwa amekula tangu asubuhi.

"Mama," Benter alimwambia mkwewe, "mtafunie."

"Ati nimtafunie? Na vile uso yako hukunjana nikimpatia?"

"Mtafunie, tafadhali. Mimi ananiogopa."

Cucu alitafuna bila haraka, akatema kiganjani. Keziah alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Benter alisimama pale na kijiko chake, akijichukia.