Korosho Hazibanguliwi na Mtu Mmoja

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni kliniki, na mbele yangu kwenye benchi ameketi moyo wangu. Ana kadi yake mwenyewe. Amevaa sweta, maana Makambako kuna baridi, na ananitazama kama jirani tuliyenuniana naye.

"Umekuja na nani?" ananiuliza.

"Peke yangu."

"Najua. Nauliza kwa ajili ya fomu."

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Nimestaafu ukaguzi wa mizani. Nesi aliponiambia nile kiganja kimoja cha korosho kila siku, zisizo na chumvi, kwa ajili ya moyo, nilienda nyumbani nikakipima kiganja changu: gramu thelathini. Tangu hapo, kila saa kumi jioni nakaa dirishani na pakiti ya dukani, nakula gramu zangu thelathini, natazama ukuta wa jirani. Hakuna wa kumwambia "karibu tule". Ni upweke, sina jina jingine la kuupa.

Kwenye ndoto nesi anaita jina langu, Mfaume Nachinuku. Anakifungua kiganja changu cha kulia kutoka kwenye kifundo cha mkono, taratibu, kama anayefungua kifuniko cha chupa ya chai, na kukiweka kwenye mizani.

"Kimepungua," anasema. "Hakishiki hata korosho tatu."

"Mizani yako haijakaguliwa."

Mizani inasema imekaguliwa, tena na mimi. Nauinamia mhuri: ni wangu kweli.

Mezani kuna bakuli la korosho nyeupe, zimekaa na migongo yao iliyopinda. Moja, kubwa yao, inasafisha koo. "Sisi kazi yetu tumefanya," inamwambia nesi. "Mafuta mazuri tumempa. Magnesiamu tumempa. Njaa ya jioni tumeituliza, hata maandazi ameyaacha. Lakini huyu moyo hapokei."

"Hupokei kwa nini?" nesi anamuuliza moyo wangu.

"Kuna neno limeziba mlango," moyo anajibu. "Alilisema mwenyewe, kwenye arobaini ya mama yake."

Foleni nzima inanigeukia. Neno hilo nalijua. Miaka mitatu iliyopita, nyumbani Newala, mbele ya watu, nilimwambia dada yangu Somoe, aliyemuuguza mama peke yake miaka saba: "Wewe na korosho zako ndio mliomuua. Ulimjaza mafuta." Mimi si daktari. Nilikuwa na uchungu, na sikuwahi kumwogesha mama hata siku moja. Mimi na Somoe hatujazungumza tena, ila kila msimu ananitumia kwa basi kiroba cha korosho zenye maganda yake. Naviweka nyuma ya mlango bila kuvifungua. Nilidhani ananisimanga.

"Sasa dawa ni nini?" namuuliza nesi.

Anaandika, anachana karatasi, ananipa. Naipokea kwa mkono wa kushoto, na kabla sijaisoma kliniki imeshakuwa ua wa nyumba yetu Newala. Somoe yuko nyuma ya moshi, anakaanga korosho kwenye bati lenye matundu. Mbele yake kuna jiwe, kirungu na kigoda kitupu.

Nyumbani kwetu korosho hazibanguliwi na mtu mmoja. Mmoja anagonga, mwingine anachambua. Mama alikuwa akiwapanga pamoja wale waliogombana, makusudi, kwa sababu huwezi kugonga karibu na vidole vya mtu huku umemnunia.

"Jipake majivu," Somoe anasema bila kuinua uso. "Mafuta ya ganda yatakuunguza."

"Nina uzoefu."

"Wa mizani," anasema.

Nakaa bila majivu. Kiganja changu kimesharudi mahali pake, sijui saa ngapi. Nagonga, anachambua. Nagonga, anachambua. Moyo wangu amechuchumaa kando ya moto, amevua sweta. Nataka kuomba msamaha kwa lile neno, lakini kila nikifungua kinywa yanatoka maganda. Somoe anayaokota moja moja, anayatia motoni.

Kisha ananyoosha kiganja chake, kimejaa.

"Kula," anasema.

"Ni gramu ngapi?"

"Kula tu, Mfaume."

Nakula. Nalia pia, na sioni haya kuliandika hilo.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda. Viroba vitatu vilikuwa nyuma ya mlango, vimeshonwa vilevile, uzi haujaguswa. Lakini kidole gumba cha kulia kilikuwa kinaniwasha, na kwenye ncha yake pana doa jeusi, ngozi imebabuka, lile doa la mafuta ya ganda ambalo kila mtoto wa kwetu analifahamu.

Korosho za pakiti haziunguzi mtu. Nililikagua doa lile kwa muda mrefu, kisha nikachukua simu.

"Shikamoo, dada. Korosho hazikumuua mama. Nilikosea. Nisamehe."

Kwa mbali nilisikia moto ukitatarika.

"Marahaba," alisema Somoe. "Si nilikuambia ujipake majivu?"