Ua Uliovunjika

Theluji ilipofunika milima ya Wales, kondoo wa Gethin walivunja ua kwa njaa, wakaingia bustanini kwa Eluned, mjane wa kaka yake. Hapakuwa na kijani kingine ila vichaka vya maua ya rododendroni alivyopanda marehemu mumewe, Emrys. Wakala majani yake, na majani yale ni sumu.

Asubuhi Eluned aliwakuta wamelala, mapovu yanawatoka midomoni. Wengi walikuwa na mimba. Akaenda kumwita Gethin.

Gethin alipiga magoti, akamshika mmoja kichwa mpaka akakata roho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Shemeji, si nilikuomba tuutengeneze huu ua kabla baridi haijaingia?”

“Uliniomba.”

“Ukanijibu nini?”

“Nilikwambia uchunge kondoo wako.”

Gethin akaanza kuburuta mizoga kuipeleka kwenye trela. Eluned alichukua msumeno, akavikata vichaka kimoja kimoja, na vitumba vya maua vilikuwa vimeshanenepa.

“Acha, shemeji,” Gethin akasema. “Kaka alivipenda.”

Hakuacha. Alikata mpaka viganja vikamchubuka, na Gethin akaondoka na trela lake bila kuaga.