Mashine ya Kubembeleza Damu

Kila mwaka watu wa kukusanya damu wakija Naro Moru, mimi huomba kitanda cha karibu na dirisha. Si kwa ajili ya mlima. Mlima nauona bure nikikama ng'ombe. Ni kwa sababu kitanda kile ndicho kina mashine yenye mwendo wa polepole.

Mashine yenyewe ni ndogo, kama mizani ya dukani, na ina sahani juu. Mfuko wa damu hulazwa kwenye sahani, nayo huanza kuyumba: inaenda, inarudi, inatulia kidogo, inaenda tena. Ndani ya mfuko kuna maji ya dawa, na damu isipochanganyika nayo vizuri huganda. Pembeni kumeshikana vifuko vitatu vidogo kwa mirija, kama kuku na vifaranga vyake. Nimeambiwa huko maabara damu huzungushwa mpaka ijitenge, kila sehemu iende kifuko chake. Hayo sijayaona. Mimi nimeona sahani tu, mara kumi na saba.

Binti yangu Warigia alimzaa Tabby hospitalini, akavuja damu. Jokofu la hospitali hiyo lilikuwa limebaki na mifuko ya kundi lisilo lake. Tukaambiwa damu iko njiani. Warigia akaniomba mtoto. Nikamlaza kwenye mkono wake, na vile vile akiwa amelala akambembeleza: mkono ukaenda, ukarudi, ukatulia kidogo, ukaenda tena. Sanduku la damu lilipofika, mkono ulikuwa umetulia kabisa.

Mwaka uliofuata nilikwenda kutoa damu yangu ili jokofu lisikose. Ndipo nikaiona ile sahani. Sijawahi kumwambia mtu. Watu wakisikia unatoa damu ili umwone mtoto wako dakika kumi, watasema umezeeka vibaya.

Mwaka huu walipanga vitanda vyao katika ukumbi wa kanisa. Nilikunywa uji vikombe viwili, nikavaa sweta yenye mikono mipana. Tabby, ambaye sasa ana miaka kumi na minane, alinibebea kikapu tu. Yeye sindano huziogopa. Hata ng'ombe akidungwa, hujificha nyuma ya nyumba.

Mezani alikuwa Thuranira, kijana wa Meru ambaye amenitoa damu miaka mitano na huniita shosho, bibi, kama Tabby aniitavyo cucu. Akaangalia kitambulisho changu, akakiangalia tena.

"Shosho, hii inasema uko na sitini na sita. Mwisho ni sitini na tano."

"Hiyo kitambulisho ni ya uongo," nikasema.

"Shosho! Punguza sauti, chifu yuko hapo nje."

"Nilijiongezea miaka miwili ndio niandikwe kazi ya kuchuma kahawa upande wa Kagio. Mimi niko na sitini na nne. Uliza Gladwell, tulisoma darasa moja."

Gladwell alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. "Ni kweli tulisoma pamoja," akasema. "Lakini huyu nilimpata hapo. Alikuwa anarudia darasa la tatu."

Ukumbi ukacheka. Thuranira hakucheka. Alinirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Mimi naandika ile imeandikwa hapa. Umetoa ya kutosha, shosho. Pumzika."

Pumzika! Nikaketi kwenye benchi, mkono wa sweta bado umekunjwa. Kitanda cha dirishani kilikuwa tupu. Nikajua sitalala pale tena, mwaka huu wala mwingine, na kwamba ile miaka miwili niliyojiongezea kwa sababu ya madebe ya kahawa imenikuta leo.

"Cucu," Tabby akasema, "wengine wakirudishwa wanashukuru Mungu. Wewe unalia?"

Nikamwambia. Kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza, nikamwambia habari za sahani na za mkono wa mama yake.

Aliweka kikapu chini, akaenda mezani akatoa kidole. Tone la damu yake likaangushwa katika maji ya samawati ya kupimia. Likielea, damu yako ni nyepesi, unarudishwa nyumbani ukale mboga za managu. Lilisimama kidogo katikati, kisha likazama.

Akaomba kitanda cha dirishani.

Sindano ilipoingia alifumba macho akaita, "Ngai!" kwa nguvu hata Gladwell akajibu, "Amina." Damu ikashuka kwenye mrija. Sahani ikayumba mara mbili, ikasimama, na taa yake ndogo ikazima. Stima ilikuwa imepotea ukumbi mzima.

"Na betri ilikufa tangu tukiwa Doldol," Thuranira akasema. "Sasa ni kama zamani, kwa mkono. Na niko na vitanda vitatu!" Akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi. Akanipa glavu. "Polepole, shosho. Usitikise kama unatengeneza—"

"Usinifundishe," nikamwambia.

Nikaketi kwenye kiti kifupi, mfuko viganjani. Nikaupeleka, nikaurudisha, nikautuliza kidogo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeutazama tu. Sikujua kwamba una joto. Lilipenya glavu, joto la mtoto aliyetoka tu kufunguliwa mgongoni.

Tabby akafungua jicho moja. "Alifanya hivyo?"

"Hivyo."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilidhani zitakuwa nyingi."

Thuranira akaja na mizani ya kuning'iniza. "Bado kidogo," nikamwambia. Nimeuza minji, yaani njegere, miaka thelathini, na nusu kilo haijanidanganya. Akapima. Bado kidogo. Aliporudi mara ya pili ilikuwa imetosha. Akachomoa sindano, akaubana mrija, akafungua sanduku lililopangwa barafu.

"Lete, shosho."

"Ngoja."

"Itaharibika. Na kuna mtu anaingoja."

Nikamwona akilini huyo mtu, na mama yake kando ya kitanda, macho mlangoni. Nikaupeleka mfuko, nikaurudisha, mara moja tu tena. Kisha nikaulaza sandukuni kwa mkono wangu mwenyewe.

Tabby alipewa soda na biskuti, akanigawia biskuti moja. Mikono yangu ilikuwa bado inaenda na kurudi, sikuweza kuishika biskuti. Akanilisha.