Cheti cha Kupiga Pasi

Shuka likitoka kwenye rola la pasi huwa la moto kama sufuria, na anayelipokea hana nafasi ya kupuliza vidole. Dada Kozi alilidaka kwa pembe mbili, akalikung'uta, akalikunja, na kabla hajavuta pumzi, la pili lilikuwa limeshatokeza. Chumba cha dobi kilikuwa chini kabisa ya hoteli, hakina dirisha, na mvuke ukishaingia kifuani hautoki upesi.

Jina hilo la Dada Kozi alipewa na wale wa aproni za buluu, walioajiriwa. Yeye alivaa ya kijani, ya wanafunzi wa vitendo, ambao kazi ni ileile ila siku ya mshahara huaga wakaenda zao mikono mitupu. Cheti cha kufua alikuwa nacho. Cha kukausha pia. Zote kozi fupi za chuo, na tangazo la chuo lilisema ujuzi ndio ajira.

Mafunzo yalipokwisha akajipa moyo, akamfuata msimamizi aliyekuwa akinywa chai.

"Shikamoo, Madam. Nimekuja kuulizia ile nafasi."

"Marahaba. Nafasi ipo, ya rola. Cheti cha kupiga pasi unacho?"

"Si ndiyo kazi ninayoifanya hapa kila siku, Madam?"

"Unapiga pasi, nani amekataa? Cheti huna."

"Ulisema nikileta cha kukausha…"

"Mwanangu, usinitie maneno mdomoni." Akapuliza chai yake. "Mimi nakupenda, hunisumbui. Jiandikishe tena, nitawaambia wakulete hukuhuku kwa vitendo. Hapo utakuwa umeshainusa ajira."

"Na nikiondoka, rola atalishika nani?"

"Wanafunzi wapya wanakuja. Chuo hakitutupi."

Nyumbani alimkuta mama yake mkekani, anapinda sketi ya shule kwa mkono. Cherehani ilikuwa imekwenda na kozi ya kukausha. Pale kwenye kona zilibaki alama za miguu yake tu, sakafuni.

"Haya, wamesemaje?"

"Wanataka cha pasi."

"Kufua unacho, kukausha unacho." Mama akakata uzi kwa meno. "Kozi ya kuanika je, hawana? Nami nijiandikishe."

Wakacheka mpaka mama akapaliwa. Kicheko kikaisha. Mama akavua hereni zake, moja ikitoka kwa shida maana sikio lilishaizoea, akaziweka juu ya ile sketi.

"Za marehemu bibi yako. Usizitazame sana, utashindwa kuzichukua."

Chuo kilimpokea kwa mikono miwili. Karani alimnong'oneza jambo moja tu: "Dada, kozi hii ni ya wasiojua. Ukijifanya mjuzi wanakufuta." Masomo ya darasani yakapita, ukafika wakati wa vitendo, akajikuta chumba kilekile, amepangwa mstari mmoja na vijana wabichi wa aproni mpya za kijani. Wale wa buluu wakainamisha nyuso, wengine kwa kicheko, wengine kwa haya.

Madam akapiga makofi.

"Karibuni. Nani hapa hajawahi kushika rola? Nyoosheni mikono niwaone."

Vijana wakanyoosha. Madam akaupitishia macho mstari mzima, yakamfikia Dada Kozi, yakatulia, yakangoja. Naye akaunyoosha wake, juu kabisa, uonekane.